Mtoto Ametulia: Miaka Yangu Kwenye Simu ya Afya

Wenzangu mliobaki ofisini, siku ile mliyoniaga kwa keki na picha mliniomba niwaandikie mawili matatu kuhusu kazi yetu. Nilikubali kwa kichwa kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa ni wiki ya tatu niko nyumbani Mbozi. Mvua za kwanza zimenyesha, kahawa imetoa maua meupe, na harufu yake inaingia mpaka chumbani. Naamka saa kumi na moja kama nilivyozoea, nakaa kitandani masikio yakiwa wazi, nangoja sauti ya mtu. Hamna anayepiga. Basi naandika.

Vyeo nitaviruka. Vingine nilipewa kwa kuwa siku ya kikao mimi ndiye niliyekuwepo. Nitasema ya kwanza kwanza, kisha nitafika kwenye ule mstari uliofutwa katika mwongozo wetu wa maswali. Wengi wenu mmekuta nafasi yake ikiwa wazi na mkaambiwa ni marekebisho ya kawaida. Hayakuwa ya kawaida. Mtoto mmoja wa Iyula nusura afe kwa sababu ya mstari ule.

Kwa atakayesoma bila kutujua, mambo yalikuwa hivi. Zahanati zikishafungwa alasiri, na Jumamosi, Jumapili na sikukuu, mtu mwenye mgonjwa anapiga namba ya bure. Mhudumu wa simu anapokea, anauliza maswali, anampa mgonjwa rangi. Kijani maana yake subiri zahanati ifunguliwe. Njano, nenda kituo kikubwa leo hii. Nyekundu, daktari wa zamu anatoka kukufuata. Wahudumu na madaktari hao walikuwa wa kampuni iliyopewa mkataba, tuliyozoea kuiita mzabuni. Kazi yangu ilikuwa kumsimamia mzabuni: kusikiliza simu zilizorekodiwa, kuhakiki rangi, kuandika ripoti. Mkataba ulisema wazi kwamba msimamizi anaangalia, haagizi. Kwa maneno mengine, niliajiriwa kusikiliza mambo ambayo yalishatokea.

Nilitoka wodi ya watoto, nilikozoea kumshika mgonjwa kwa mikono yangu. Siku ya kwanza Tunduma nilipandishwa ngazi hadi chumba kilichokuwa juu ya duka la magodoro. Mpaka leo nikinusa godoro jipya nakumbuka homa za watu. Dirishani yalionekana malori yaliyopanga foleni kuingia Zambia, yakinguruma kutwa bila kwenda popote. Nilipewa kiti, kauntabuku, kalamu za rangi tatu na spika za masikioni, nikaambiwa kazi ndiyo hiyo.

Aliyenipokea ni Mama Mwashiuya, msimamizi aliyenitangulia, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Siku ya kwanza nilidhani amelala, nikaanza kukohoa kwa heshima ili aamke kabla mkubwa hajaingia.

"Umemsikia wa pili?" akaniuliza, macho bado yamefungwa.

"Wa pili yupi, mama? Anaongea mmoja."

Akairudisha simu nyuma. Chini kabisa ya sauti ya yule mwanamke kulikuwa na sauti nyingine, ya mtu mzima, ikimnong'oneza la kusema. Mwanamke akasema homa ilianza jana. Sauti ya chini ikasema, sema leo. Akasema leo.

"Mwanangu, usimsikilize anayeongea peke yake," Mama Mwashiuya akasema. "Sikiliza na nyumba."

Ilinichukua miezi mingi kuzisikia nyumba. Kisha zikaanza kunijia zenyewe. Nilijua mvua inayopiga bati na mvua inayopiga nyasi. Nilijua simu za Mkwajuni kwa pikipiki na kwa karasha zinazosaga mawe ya dhahabu, simu za Ileje kwa kwaya inayofanya mazoezi mlima wa pili, na za Iyula, wakati wa mavuno, kwa mashine ya kumenya kahawa inayozungushwa kwa mkono. Nikifumba macho niliona mlango, jiko, mtoto aliyelazwa kwenye mkeka. Siku ya soko nilikuwa nasimama kununua maharage, nasikia mwanamke nyuma yangu akiulizia bei ya chumvi, na mwili wote unasisimka: huyu ni yule wa homa ya Jumamosi. Sikuwahi kugeuka kumsalimia. Ningemwambia nini? Nilitembea Tunduma nzima nikiwajua watu wasionijua, na kuna siku nilihisi kwamba mimi ndiye ninayeotwa na wao.

Siyo kwamba kila kitu kilikuwa cha ndoto. Kulikuwa na suala la saa. Mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alipiga kwa laini ya Tanzania. "Twapapata dokota," alisema, ndiyo tafadhali yao, akaeleza kwamba mtoto amekunywa dawa saa nane. Mhudumu akaandika saa nane. Lakini saa nane ya Nakonde huhesabiwa Kizungu, yaani kwetu ni saa mbili asubuhi, na saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo ni saa tatu. Au saa moja. Mhudumu, daktari na mimi tuliifanya hesabu hiyo kila mtu akapata jibu lake, na tulipoinua vichwa mama alikuwa ameshakata simu akaenda hospitali ya kwao. Alifanya vizuri. Toka siku hiyo tukawafundisha wahudumu waulize: mtoto alipokunywa dawa, jua lilikuwa wapi?

Suala la pili lilikuwa salamu. Mnajua watu wetu. Nyumba inaungua, ukiuliza habari utaambiwa nzuri, na baada ya kuulizana watoto, shamba na baridi ndipo utasikia kwamba, ila kuna moto kidogo. Mzabuni alilalamika kwamba salamu zinakula muda wa simu. Nilimtetea mpigaji kwenye vikao vingi. Nilisema salamu ni mlango, huwezi kumtaka mtu aingie dirishani. Nilijisikia mwenye hekima sana nikisema hivyo, na ni vizuri mkumbuke nilivyokuwa nikijisikia, kwa sababu ya yaliyofuata.

Mwongozo wa maswali ulikuja kwa Kiingereza. Niliombwa niutafsiri kwa kuwa nilikuwa nesi na mzaliwa wa huku. Niliufanya nyumbani, msimu wa baridi, ukungu umeziba dirisha. Swali la nne liliuliza kama mtoto analia habembelezeki au ametulia. Swali la saba liliuliza kama amelegea au haamki vizuri. Kwa Kiingereza, maswali yote yalipaswa kuulizwa kabla ya kutoa rangi. Lakini mzabuni alitaka simu ziwe fupi, akaniomba niweke alama mahali ambapo mhudumu anaweza kuishia. Niliweka moja chini ya swali la nne. Niliandika: mtoto ametulia, kijani, funga simu. Mimi, nesi wa watoto, niliyejua fika kwamba mtoto mgonjwa akiacha kulia ndipo unapokimbia. Wodini nilijua. Mezani, nikiwa na karatasi na chai, nililiona neno tu, neno zuri, nikalipa rangi nzuri. Nikalala vizuri.

Mstari ule ulikaa kwenye mwongozo kwa muda bila neno. Kisha ikaja Jumapili.

Zamu ilikuwa ya Tumpe, mhudumu kijana kutoka Ileje, mwenye sauti ya upole ambayo wapigaji waliipenda. Nilikuwa nimepitia tu, nimetoka kanisani na kitenge changu kizuri, kukagua simu zilizorekodiwa toka asubuhi. Nilikaa pembeni yake, nikavaa spika, nikafumba macho. Rekodi ya tatu ilitoka Iyula.

"Habari za huko, mama?" Tumpe anauliza.

"Nzuri tu. Za huko?"

"Huku salama. Mgonjwa ni nani?"

"Mtoto. Ezekia. Ana mwaka mmoja na miezi minne. Hajambo kidogo. Alikuwa na joto toka juzi, akalia, akalia mpaka jana. Saa hizi ametulia."

"Ametulia?"

"Ametulia, nimempakata hapa. Nilikuwa nauliza tu, nimpeleke zahanati kesho, au?"

"Mpeleke kesho asubuhi, mama. Akizidiwa piga tena."

"Haya. Asante."

Kijani. Kulingana na mwongozo, simu safi kabisa. Nilikuwa nishaanza kuandika "vizuri" kwenye kauntabuku, lakini nyumba ile ilikuwa bado masikioni. Nikairudisha. Kulikuwa na mashine ya kahawa kwa mbali. Kulikuwa na kuku. Na pale mama aliposema nimempakata hapa, jogoo aliwika karibu kabisa na simu, sauti kali iliyonifanya mimi mtu mzima, kilomita nyingi kutoka pale, nishtuke kwenye kiti. Nikangoja mtoto ashtuke. Hakushtuka. Hakuguna, hakulia, hata pumzi ya kukasirika hakutoa.

Niliisikiliza mara ya tatu.

"Tumpe, simu hii ni ya saa ngapi?"

"Saa sita na robo, mama. Kuna nini?"

Ilikuwa saa saba na nusu. Tukapiga ile namba. Akapokea mwanaume, upepo ukivuma kwenye simu. Alikuwa jirani, simu ni yake, aliwaazima tu, na sasa alikuwa kwenye pikipiki karibu afike Vwawa.

"Mtoto umemwonaje?" nikamuuliza.

"Mbona hajambo, mama. Amelala tu. Toka asubuhi amelala."

"Kaka yangu, nakuomba ugeuze. Kuna daktari anakuja, umwoneshe nyumba."

Nilisikia pikipiki ikigeuka.

Daktari wa zamu alikuwa Dokta Kibona, mtu wa milima ya Ileje, mtaratibu, anayeongea kana kwamba kila neno analitoa mfukoni. Alikuwa Vwawa.

"Dokta, kuna mtoto Iyula. Nyekundu."

"Hapa naona kijani."

"Nimebadilisha."

"Mama Lusajo," akasema polepole, "wewe si unaangalia tu?"

"Ndiyo. Leo nimeagiza. Andika jina langu."

"Sindano ninazo," akasema. "Natoka."

Kusubiri kule siwezi kuwaeleza vizuri. Mvua ilianza, na malori nje yakafifia yakawa vivuli, na chumba kizima kikawa kama kiko chini ya maji. Simu nyingine ziliingia, Tumpe akazipokea kwa sauti ileile ya upole huku machozi yakimtiririka. Katikati ya simu mbili akanigeukia.

"Mama, mimi nimefuata mwongozo."

"Najua, mwanangu."

Nikaishia hapo. Yeye alidhani mwongozo umetoka juu, kwa wakubwa, kama vitu vyote vinavyotoka juu. Ningeweza kumwambia wakati ule kwamba mkubwa mwenyewe amekaa pembeni yake na kitenge cha kanisani. Sikusema. Kosa la mezani nimeshalizoea, lakini ukimya wangu wa pale unaniumiza hadi leo.

Dokta Kibona alipiga mwenyewe. Alikuta macho ya mtoto yamegeuka na mwili umelegea wote. Malaria kali, sukari imeshuka. Alikuwa ameshampa sindano na sukari, na walikuwa ndani ya gari wakielekea hospitali, mama akiwa amempakata.

"Anapumua," akasema. "Kwa sasa anapumua."

Nilikaa chini sakafuni. Tumpe naye akaja akakaa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na nilimaanisha kila neno.

Ezekia alilazwa wiki mbili, akatoka akiwa hai. Kabla hajatoka, mzabuni alishaandika barua: mhudumu alitoa rangi isiyo sahihi, aachishwe kazi. Barua ililetwa kwangu niisaini kama msimamizi. Nilikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu nilitoa nakala ya ukurasa wa mwongozo, nikapiga duara kwenye swali la nne, nikaandika pembeni kwamba tafsiri ni yangu na alama ya kuishia ni yangu, nikasaini hapo badala ya kwenye barua. Mkuu wangu aliuliza kama ningependa kuondoka na ile karatasi nikaifikirie kidogo. Nikasema nimeifikiria. Nilipewa onyo la maandishi, halali kabisa, na Tumpe akabaki. Nilimwita nikamwambia yote. Alikasirika, akakaa wiki nzima bila kunisalimia kwa jina, na sikumlaumu. Leo ndiye anayewakagua ninyi.

Mstari ukafutwa. Alama za kuishia zote zikafutwa. Na swali jipya likaingia baada ya salamu, lile mnalolisoma kila siku: tumshukuru Mungu kwa kuwa hajambo, sasa niambie, ni kipi kimebadilika toka jana? Wapigaji hukaa kimya kidogo, halafu wanaanza kusema. Msiuvuruge ukimya ule. Mnapousikia, toeni mikono kwenye kibodi.

Nilikuwa nimemaliza ya ofisini. Ya Iyula nilikuwa sijayaanza. Kumwambia mkuu wangu kulinichukua siku mbili. Kumwambia mama wa mtoto kulinichukua msimu mzima wa kahawa. Nilijiambia hataelewa mambo ya miongozo. Nilijiambia amepata mtoto wake, nisimvuruge. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa na adabu nzuri.

Hatimaye nilikwenda, siku ya kazi, mchana, na sukari kilo mbili na sabuni ya mche kwenye mkoba. Ukungu ulikuwa haujaondoka vizuri kwenye mashamba, na nyumba ilipotokea niliijua kabla sijaambiwa. Nilishawahi kuwa humo.

Mama Ezekia alikuwa binti mdogo kuliko sauti yake. Alikuwa uani akichambua kahawa kwenye ungo. Aliinama akanipa shikamoo, akanitolea kigoda. Tukaulizana habari. Nzuri. Za watoto? Wazima. Na Ezekia?

"Hajambo kabisa," akasema. "Yule pale."

Mtoto alikuwa anavuta kopo lenye mawe kwa kamba, kelele tupu, anafurahi. Mama yake akamwita aje anisalimie. Akamwita tena. Kisha akainuka, akaenda akamgusa bega.

Nilikuwa nimeshalitunga swali lile, nimelifundisha, nimelichapisha. Ulimi ulikuwa mzito kweli kulisema.

"Tangu mtoke hospitali, mama, ni kipi kimebadilika?"

Akarudi akakaa. Akachambua punje kama kumi hivi.

"Hasikii vizuri," akasema.

"Hospitali uliwaambia?"

"Waliniuliza, hajambo? Nikasema hajambo."

Alipimwa baadaye, wakasema ni malaria ile iliyopanda kichwani, na sikio la kulia linasikia ukimsogelea. Lakini pale uani nilikuwa sijui hilo. Nilijua tu kwamba nikinyamaza tena sitaweza kusema kamwe.

"Mama Ezekia, siku ile ulipopiga, yule dada wa simu alikuwa anasoma alichoandikiwa. Aliandikiwa kwamba mtoto akitulia amepona. Aliyeandika ni mimi. Nilikosea. Ndiyo maana ukaambiwa usubiri."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Nilingoja anifukuze. Nilikuwa tayari kwa hilo, njiani nilikuwa nimelipangia hata maneno. Akavuta upande wa kanga akajifuta uso.

"Mume wangu aliniuliza, kwa nini ulimwambia mtu wa simu mtoto ametulia? Mama mkwe akaniuliza. Kanisani nako wanasema, kama angeongea vizuri. Mimi nikajua ni mimi. Nikajua ni mimi niliyesema vibaya."

"Hukusema vibaya. Ulisema ilivyokuwa. Sisi ndio hatukuuliza."

Akatikisa kichwa, siyo kwa kukubali. Akauweka ungo pembeni, akasimama, na kwa mara ya kwanza akaniangalia machoni.

"Basi usiondoke," akasema. "Mume wangu atatoka shambani saa kumi. Umwambie na yeye, kama ulivyoniambia mimi. Na mama yake umwambie."

Ilikuwa saa sita. Nikaweka mkoba chini, nikavuta ungo kwangu, nikaanza kuchambua.